Ini lenye mafuta kwa kuku wa mayai: Je, mafuta ya mimea ni tiba?

Kuku wa mayai aliyenona na anayetaga vizuri anapatikana asubuhi amekufa. Jana alikula kama kawaida, hakuhara wala hakukohoa. Upanga wake wa kichwani umepauka. Daktari wa mifugo akimpasua, anakuta ini la manjano linalomeguka kwa urahisi, mafuta mengi tumboni na damu iliyoganda kando ya ini.

Huo ni ugonjwa wa ini lenye mafuta. Hauambukizi, lakini humpokonya mfugaji kuku wake bora wakati ambapo wanamlipa gharama zake. Wafugaji wengi sasa wanauliza kama mafuta yanayotolewa kwenye mimea kama rosemari, thaimu, oregano na karafuu yanaweza kuutibu.

Unatokana na nini?

Kuku hutengeneza sehemu kubwa ya mafuta yake ndani ya ini. Anapotaga, homoni zake huliamuru ini litengeneze mafuta zaidi kwa ajili ya kiini cha yai, kwani karibu thuluthi moja ya kiini ni mafuta. Akila chakula cha kutia nguvu kupita mahitaji yake, hasa akiwa amefungiwa bila nafasi ya kutembea, mafuta hurundikana. Ini hulegea, mishipa hupasuka na kuku huvuja damu kwa ndani. Joto kali huongeza hatari.

Chanzo kingine ni mahindi yenye ukungu. Sumu ya aflatoksini hushambulia ini na kulijaza mafuta. Ni sumu ile ile iliyoua watu 125 mwaka wa 2004, wengi wao Makueni na Kitui. Mahindi yaliyooza yasiyofaa kwa ugali hayafai kwa kuku pia, na sumu hiyo inaweza kufika hadi kwenye yai.

Mafuta ya mimea yanafanya nini?

Utafiti kuhusu mafuta haya uliongezeka baada ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku, kuanzia Januari 2006, antibiotiki za kukuzia mifugo. Viungo vyake husaidia kuzuia mafuta yaliyo kwenye ini yasiharibike na kudhuru seli. Katika baadhi ya majaribio, kuku waliolishwa mafuta hayo walikuwa na ini lenye mafuta machache. Katika mengine, tofauti haikuonekana.

Kwa hivyo ni msaada, si tiba. Hayawezi kushinda chakula kibaya, wala hayamfufui kuku ambaye ini lake limeshapasuka.

Kipimo chake pia ni kidogo mno. Ukitumia miligramu 200 kwa kila kilo ya chakula, gunia la kilo 50 linahitaji gramu 10 tu, yaani takriban vijiko viwili vya chai. Ni vigumu kuchanganya kiasi hicho sawasawa kwa mkono, na mahali yaliporundikana yatamchoma kuku mdomo akatae chakula. Tumia bidhaa ya unga iliyotengenezewa kuku na iliyosajiliwa, na ufuate maagizo ya pakiti.

Tahadhari: haya si mafuta ya kupikia. Kumwaga mafuta ya kupikia kwenye chakula huongeza unene na kuzidisha ugonjwa.

Anza na haya

1. Pima chakula. Kuku mmoja wa mayai huhitaji takriban gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku 100 ni kilo 11 hadi 12.
2. Usiongeze mahindi juu ya chakula kamili cha kuku wa mayai. Mahindi huongeza mafuta na kupunguza protini na vitamini.
3. Pima uzito wa kuku wachache kila wiki, uulinganishe na uzito unaopendekezwa kwa aina hiyo.
4. Ukijichanganyia chakula, kausha mahindi hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5. Muulize afisa wa mifugo kuhusu kolini na methionini, ambavyo husaidia ini kuondoa mafuta, na kuhusu vitamini E.
5. Wape kuku nafasi, hewa, kivuli na maji safi.

Ukishayatimiza hayo, unaweza kujaribu mafuta ya mimea, ukihesabu mayai na vifo ili ujue kama pesa zako zinazaa matunda.

Kuku wakifa ghafla

Usile mzoga, usiuuze wala kuwapa mbwa. Newcastle na magonjwa mengine pia huua ghafla, na huwezi kuyatofautisha kwa macho. Mpigie afisa wa mifugo wa wadi yako siku hiyo hiyo, kwani mzoga uliokaa muda mrefu hauonyeshi chanzo cha kifo. Mwekee pia kilo moja ya chakula ulichokuwa ukiwalisha ili kikaguliwe.