Blythburgh: Nenda na Darubini

Ukiendesha gari kuelekea pwani ya Suffolk, mashariki ya Uingereza, barabara ya A12 inakupitisha karibu kabisa na Kanisa la Utatu Mtakatifu, Blythburgh. Utaliona kabla hujakiona kijiji. Limesimama juu ya kinamasi cha mto Blyth, kubwa kupita kiasi, utadhani kuna mji mzima nyuma yake. Hakuna mji. Kuna nyumba chache, baa, na matope yanayofunikwa na kufunuliwa na maji ya bahari. Wenyeji huliita Kanisa Kuu la Mabwawani, ingawa halijawahi kuwa na kiti cha askofu. Ni kanisa la parishi tu.

Ukubwa huo una sababu yake. Zamani hapa palikuwa bandari. Meli zilipanda mto, samaki na bidhaa zikauzwa, na wenye fedha wakataka kumshukuru Mungu kwa mawe. Mnara ni wa karne ya 14. Mwaka 1412 kilitolewa kibali cha kujenga upya sehemu ya madhabahu, na karibu kila kitu kingine utakachokiona ni kazi ya karne hiyo ya 15. Baadaye mto ukajaa mchanga, meli zikawa kubwa kuliko kina chake, biashara ikahama. Kwangu mimi hiyo ndiyo bahati ya kanisa hili: waliobaki hawakuwa na fedha za kulipamba upya kila fasheni ilipobadilika.

Zunguka nje kwanza. Suffolk haina mawe mazuri ya kujengea, ina gumegume. Mafundi walilipasua gumegume likatoa uso mweusi unaong'aa, kisha wakalipanga kati ya mawe meupe yaliyoletwa kutoka mbali, hata ukuta ukawa na nakshi bila rangi yoyote.

Ndani, simama katikati utazame juu. Hapa ndipo darubini inapohitajika. Ukiikosa, kamera ya simu inayovuta mbali itakusaidia kiasi. Kwenye boriti za paa wamekaa malaika wa mbao, wawiliwawili, wamepeana migongo, mabawa yamekunjuliwa. Rangi nyekundu na kijani bado zinaonekana, zimepauka. Aprili 1644 alifika hapa William Dowsing, aliyetumwa kuvunja sanamu makanisani na upande wa Bunge, uliokuwa ukipigana na mfalme. Aliandika katika kumbukumbu zake kwamba malaika 20 washushwe, na picha zaidi ya 200 ziondolewe ndani ya siku 8. Vioo vya rangi vilikwisha, ndiyo maana leo mwanga unaingia mweupe mtupu. Malaika walibaki. Nadhani hakuna aliyetaka kupanda ngazi ndefu kiasi hicho.

Utasimuliwa kwamba askari wa Dowsing waliwapiga risasi malaika hao. Risasi zimekutwa kweli kwenye mbao, lakini ni za karne ya 18, wakati wazee wa kanisa walipolipia baruti ya kuwafukuza kunguru waliotaga darini.

Usiondoke bila kuinama kwenye mabenchi. Ncha zake zimechongwa dhambi kuu, na mchongaji alikuwa mcheshi. Mvivu yuko kitandani, ameinuka nusu tu. Mchoyo amekalia kasha lake la fedha. Mlafi ameshika tumbo kwa mikono miwili, na mlevi amefungwa miguu kwenye mkatale. Mbao zimelainika kwa mikono ya watu wa karne nyingi. Karibu na madhabahu yupo pia askari wa mbao wa mwaka 1682, mwenye shoka, ambaye kazi yake ni kugonga kengele.

Mlango wa kaskazini una alama nyeusi za kuungua, nazo zina hadithi. Jumapili ya tarehe 4 Agosti 1577, ibada ikiendelea, dhoruba iliangusha kilele cha mnara, kikapasua paa na kuua mwanamume mmoja na mvulana. Watu walisema ni kazi ya mbwa mweusi wa kishetani, na alama zile ni makucha yake. Mimi nailaumu radi, ila mlango utazame kwa macho yako.

Kwa treni, panda kituo cha Liverpool Street jijini London, badilisha Ipswich, ushuke Darsham au Halesworth. Vyote viko maili kadhaa kutoka kanisani, kwa hiyo agiza teksi mapema. Usitegemee kuipata ukishuka. Vaa sweta hata wakati wa kiangazi, maana upepo wa kinamasi hauna huruma. Juni huwa na Tamasha la Muziki la Aldeburgh, ambalo hutumia kanisa hili kwa baadhi ya maonyesho. Ulizia ratiba, usije ukakuta mazoezi ya okestra. Jumapili asubuhi kuna waumini, nawe utakaribishwa kuketi, lakini acha kupiga picha hadi ibada iishe.

Kiingilio hakuna. Kuna sanduku la sadaka, na paa la aina ile hula fedha kila mwaka. Tafadhali usilipite sanduku hilo.