MAFUTA YA MWILI, MOYO, NA KISU CHA MUNGANGA



Wengi kwetu husema kwamba tumbo kubwa ni alama ya cheo. Hapana. Tumbo kubwa ni muzigo, na mwenye kuubeba ni moyo.

Moyo ni kama pompi ya kutosha maji katika mugodi. Ukiongeza tiyo nyingi, pompi itatumika kwa nguvu zaidi. Vivyo hivyo, kila kilo ya mafuta mwilini inaomba damu yake. Moyo unasukuma zaidi, nyama yake inanenepa, na tensio inapanda. Mafuta ya damu yanashika ndani ya mishipa na kuifunga polepole. Sukari nyingi nayo inaiharibu. Siku mushipa unapoziba, mutu anaanguka, pengine kazini, na jamaa inabaki bila baba.

Je, kisu cha munganga kinaweza kusaidia? Ndiyo. Lakini munganga hakati mafuta ya tumbo. Anapunguza kifuko cha chakula. Namna moja ni kutosha karibu 80 kwa 100 ya kifuko hicho. Kinachobaki kinafanana na ndizi. Namna ya pili ni kufanya kifuko kidogo sana na kukiunga na utumbo wa mbele, chakula kipite njia fupi. Mutu anashiba upesi, na njaa inapungua.

Kwa wengi wenye ugonjwa wa sukari, sukari inashuka katika majuma ya kwanza, hata mbele ya kilo nyingi kupotea. Kisha tensio inashuka, na moyo unapumzika.

Katika Uswidi, tangu mwaka 1987, wanganga walifuata wanene 2.010 waliopasuliwa na wengine 2.037 wasiopasuliwa. Mwaka 2012 walitangaza hesabu ya miaka karibu 15: waliokufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa walikuwa 28 kwa wale wa kwanza, na 49 kwa wale wa pili.

Lakini kisu si cha kila mutu. Kwa kawaida ni kwa munene sana, kama vile mutu wa metre 1,70 mwenye kilo 116. Tena kina hatari: damu inaweza kutoka, mushono unaweza kuvuja. Aliyepasuliwa atakunywa vitamini maisha yake yote, na akirudilia kula ovyo, kilo zitarudi.

Basi, kwa sisi wengi, dawa ya kwanza iko nyumbani:

1. Pima tensio yako, hata kama husikii maumivu.
2. Mama, punguza chumvi na mafuta katika chungu. Ongeza sombe na matunda.
3. Tembea kwa miguu kila siku.
4. Acha tumbako, punguza pombe.
5. Usiache dawa ya tensio bila ruhusa ya munganga.

Pompi ya mugodi ikiharibika, tunaleta ingine. Moyo ni mumoja tu. Uuchunge.