Mgonjwa wa Akili Atibiwe, Asifichwe

Darsa yetu ya mara hii haihusu sala wala saumu, bali yahusu maradhi yaliyomo katika nyumba nyingi za miji yetu, na ambayo hayatajwi ila kwa kunong'onezana. Ni yale maradhi ya akili ambayo madaktari huyaita skizofrenia, na watu wetu huyaita wazimu, au pepo, au kurogwa, kila mtu kwa dhana yake. Tumeona ni wajibu kuyaeleza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa maradhi haya yana matibabu, na mgonjwa akiwahiwa huenda akaishi kama wanavyoishi watu wengine. Ya pili ni kuwa sisi tunaoitwa masheikh na waalimu tumekuwa na sehemu yetu katika kuwachelewesha wagonjwa, nasi hatuna budi kuikiri haki hata ikiwa juu ya nafsi zetu.

Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa kijana na wazee wake. Alikuwa na umri wa miaka 19, mwanafunzi hodari na mwenye adabu. Kidogo kidogo aliacha masomo, akawa hujifungia chumbani, akakataa chakula cha mamake kwa kudai kuwa kimetiwa sumu, na usiku akijibizana na watu wasioonekana. Tukamsomea, kisha tukawaambia wazee wake wasubiri. Kumsomea hakukuwa kosa. Kosa letu ni lile neno la kuwaambia wasubiri. Mwaka mzima ulipita katika kusubiri huko, na wazee wakazunguka naye kwa waganga: huyu apiga ramli, huyu ataka mbuzi mweusi, huyu asema ni jirani aliyemfanyia. Bangili za mamake zikauzwa. Hata alipofikishwa hospitali, daktari aliwauliza wazee swali moja: "Mlikuwa wapi mwaka mzima?" Swali hilo lilitufikia na sisi. Leo kijana yule anatumia dawa, naye anafanya kazi katika duka la jamaa yake, lakini masomo yake hakuyarudia. Ni kwa ajili ya mwaka ule ndipo tukaandika darsa hii.

JINA LAKE NA WANAOPATWA

Mwaka 1908 daktari wa Uswisi aitwaye Eugen Bleuler aliyapa maradhi haya jina la skizofrenia, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani: moja maana yake ni kupasua, na la pili maana yake ni akili. Kwa sababu ya jina hili wako wanaodhani kuwa mgonjwa huwa na watu wawili ndani yake. Sivyo. Kinacholegea ni ule mshikamano wa fikira za mtu na hisia zake na vitendo vyake, hata akawa hatambui vyema lililoko na lisilokuwapo.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa wagonjwa wa skizofrenia ni kiasi cha watu milioni 24, yaani mtu mmoja katika kila watu 300. Kwa kadiri hiyo, mji wenye watu 30,000 utakuwa na wagonjwa kama 100. Basi mwenye kudhani kuwa msiba huu umeishukia nyumba yake peke yake, ajue kuwa anao wenziwe asiowajua, kwani nao pia wamefunga milango yao. Mara nyingi maradhi huanza mwishoni mwa ujana wa kwanza au katika miaka ya ishirini na kitu, na wanaume huanza mapema zaidi kuliko wanawake.

DALILI ZAKE

Kwanza, kusikia au kuona yasiyokuwapo. Lililo kubwa zaidi ni kusikia sauti: zamsema, zamtukana, au zamwamrisha. Hizi si uwongo anaotunga. Yeye azisikia kama tunavyosikia sisi adhana.

Pili, kushika itikadi isiyo na msingi, na isiyoondoka kwa hoja wala ushahidi. Atasema anafuatwa, au fikira zake zasomwa na watu, au habari za redio zamkusudia yeye.

Tatu, maneno kutofuatana. Aanza jambo hili akaingia jingine lisilohusiana nalo, hata msikilizaji asipate mkono wa kushika.

Nne, kufifia. Huacha kuoga, huacha marafiki, uso hauonyeshi furaha wala huzuni, wala hana hamu ya jambo lolote. Dalili hii ndiyo ambayo watu wetu huiita uvivu au kiburi, na kijana akapigwa kwayo, hali ya kuwa ni mgonjwa.

Tano, kupungukiwa na uwezo wa kukumbuka, wa kupanga mambo na wa kutuliza akili katika kazi moja.

Dalili moja peke yake haitoshi kuhukumu. Daktari hutazama dalili hizi kwa pamoja, na huangalia kuwa zimedumu kiasi cha mwezi mmoja au zaidi. Tena hupima kwanza asije akakosea, kwani malaria kali, kifafa, ulevi na maradhi mengine ya mwili huweza kumpotosha mtu akili. Kwa hivyo mtu aliyekuwa mzima jana, na leo ana homa na anapayuka, apelekwe hospitali saa ile ile. Huyo asingojee hata kesho.

SABABU ZAKE

Hakuna sababu moja iliyothibiti. Lililojulikana ni kuwa maradhi haya yana asili katika uzao, lakini uzao hauyalazimishi. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja ana skizofrenia, uwezekano wa kupatwa ni kiasi cha 10 katika 100, yaani wengi wao hawapatwi. Hata kwa pacha wanaofanana kabisa, mmoja akipatwa, mwenziwe si lazima naye apatwe. Wataalamu pia wamegundua kuwa katika ubongo wa mgonjwa huvurugika kazi ya vitu vinavyopeleka habari, khasa kile kiitwacho dopamini.

Uvutaji wa bangi, zaidi kwa vijana wadogo, huongeza khatari ya kupatwa. Na aliyekwisha kupatwa, miraa na muguka humnyima usingizi na huweza kumrudisha katika hali mbaya. Wazazi na wayazingatie haya. Lakini mama asijilaumu kuwa malezi yake ndiyo yaliyoleta maradhi, wala mume asimwambie mkewe hivyo, kwani jambo hilo halikuthibiti.

Ama habari ya majini, sisi twaamini kuwa wapo, kama ilivyokuja katika Qur'ani, wala hatumfundishi mtu kukanusha. Lakini kuamini kuwa wapo ni jambo moja, na kudai kuwa jini fulani amemwingia kijana fulani, na kuwa ataka ngoma na ubani na mbuzi, ni jambo jingine. Dai hilo lataka ushahidi, na mganga hana ushahidi ila ujira anaoupokea. Nasi twamuuliza: ikiwa ile sauti ni ya jini, mbona hunyamaa mgonjwa akitumia kidonge kwa wiki chache, na hurudi akikiacha?

MATIBABU YAKE

Kabla ya mwaka 1952 madaktari hawakuwa na dawa ya kutuliza dalili hizi. Mwaka huo, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa dawa iitwayo klorpromazini, na waliokuwa wakipiga kelele miaka wakatulia wakaweza kusema na watu. Mwaka 1958 ikapatikana haloperidoli huko Ubelgiji, na baadaye zikaja risperidoni, olanzapini na nyinginezo. Yuko mgonjwa asiyesaidiwa na dawa hizi. Huyo huenda akapewa klozapini, nayo hailiwi ila kwa kupimwa damu mara kwa mara. Na kwa mwenye kusahau vidonge ziko sindano ambazo hupigwa kila baada ya wiki kadhaa.

Mambo matatu yafahamike vyema. La kwanza, dawa haifanyi kazi kwa siku moja. Huenda zikapita wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, basi watu wasikate tamaa. La pili, dawa zina udhia wake: usingizi, kutetemeka, viungo kukakamaa, kunenepa, na kwa baadhi yao sukari kupanda. Mgonjwa akilalamika asiambiwe kuwa adeka. Arudishwe kwa daktari, naye atapunguza kipimo au atabadilisha dawa. La tatu, nalo ndilo linalowaangusha wengi, ni kuacha dawa kwa sababu mtu amepata nafuu. Mwenye maradhi ya sukari haachi dawa kwa kuwa leo yu mzima. Ajua kuwa uzima wake ni kwa dawa hiyo. Na huyu ni vivyo hivyo. Daktari ndiye atakayesema ipunguzwe lini, na kwa kadiri gani.

Pamoja na dawa, mgonjwa ahitaji mazungumzo na mtaalamu, watu wa nyumbani wafundishwe jinsi ya kuishi naye, na apewe kazi anayoiweza. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa angalau mgonjwa mmoja katika watatu huweza kupona kabisa; na wengi katika waliobaki hupata nafuu ya kuendesha maisha yao.

Kwa walioko Mombasa, hospitali ya Port Reitz ina sehemu ya maradhi ya akili. Na huko Nairobi iko hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910. Aliye mbali na aanze katika hospitali iliyo karibu naye, apewe barua ya kwenda mbele.

Wala asiseme mtu kuwa kumpeleka mgonjwa wa akili hospitali ni kufuata Wazungu. Waislamu walijenga nyumba za kuwatibu wagonjwa hawa kabla ya kuja hizi dawa za leo kwa karne nyingi. Katika mji wa Halab, nchi ya Sham, ilijengwa mwaka 1354 hospitali ya Arghun iliyokuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, pamoja na ua na maji ya kutiririka. Na katika Edirne, Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali mwaka 1488, na humo wagonjwa wakitulizwa kwa sauti ya maji na ya ala za muziki. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, akatujuza kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Basi anayemzuilia mgonjwa dawa kwa jina la dini, dini yenyewe imekwisha kumjibu.

WAJIBU WETU

Mgonjwa asifungwe minyororo. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti ya watu wanaofungwa hivyo kwa ajili ya maradhi ya akili katika nchi zipatazo 60, na Kenya imetajwa ndani yake. Watu husema wamfunga kwa kumkhofu. Na hali wagonjwa walio wengi hawamdhuru mtu, bali wao ndio wanaodhuriwa zaidi.

Asiozwe ili apone. Tumeyaona haya katika miji yetu: kijana ni mgonjwa, wazee wakasema akipata mke atatulia, wakamposea binti wa watu na wakayaficha maradhi. Ndoa si dawa ya skizofrenia, na kuficha huko ni ghashi. Wanavyuoni wa madhhebu yetu ya Shafii wamehesabu wazimu kuwa ni katika aibu zinazompa mwenziwe haki ya kuivunja ndoa. Mgonjwa aliyepata nafuu ana haki ya kuoa na kuolewa, lakini kwa uwazi.

Asibishwe wala asichekwe. Akikwambia kuwa watu wamfuata, usimwambie ni kweli, wala usimwambie ni mwongo. Mwambie kuwa wewe huwaoni, lakini waiona khofu yake, nawe uko pamoja naye.

Akitaja kufa au kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe hospitali upesi. Wagonjwa kiasi cha 5 katika 100 hufa kwa mikono yao wenyewe, na maneno hayo si ya kupuuzwa.

Ramadhani ikikaribia, aulizwe daktari. Ziko dawa zinazoweza kuliwa mara moja baada ya kufuturu, na ziko zisizofaa kupangwa hivyo. Mwenye kudhurika kwa kufunga, sheria imemrukhusu kula. Na wakati akili imemtoka, kalamu imeinuliwa juu yake, haandikiwi dhambi. Mola wake hakumlaumu, basi mtaa una haki gani ya kumlaumu?

Neno letu la mwisho ni kwa waalimu wenzetu. Akiletwa kwenu mgonjwa wa namna hii, msomeeni Qur'ani na mumwombee, kwani hilo ni jema. Kisha waambieni wazee wake, kabla hawajavaa viatu vyao, wampeleke hospitali siku ile ile, na wala wasiache dawa. Mkiweza, fuataneni nao, kwani watu wetu hupata nguvu wakimwona sheikh amekaa katika baraza ya hospitali akingojea pamoja nao. Sisi hatukufanya hivyo mara ya kwanza. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, awaponye wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza. Amin.