Kolkanoni ya Baridi: Vidokezo vya Kuipika Ikakolea

Desemba, jua la Dublin huzama muda mfupi baada ya saa kumi jioni. Ukiingia ndani na mikono imekufa ganzi, unataka chakula cha moto kinachoshibisha, na Waayalandi wanacho: kolkanoni. Ni viazi mviringo vilivyopondwa na kuchanganywa na sukuma wiki au kabichi, maziwa ya moto, vitunguu vya majani na siagi. Aliyezoea mukimo wa Wakikuyu ataielewa haraka, ila hapa hakuna mahindi wala maharagwe, na siagi ndiyo mchuzi.

Kwa walaji wanne, andaa viazi kilo 1, mboga gramu 250, maziwa mililita 200, vitunguu vya majani vitano, siagi gramu 100, chumvi na pilipili manga.

1. Tafuta kiazi chenye unga. Waayalandi husifia Kerr's Pink na Golden Wonder, viazi vinavyopasuka ganda vikiiva. Ukiwa Uingereza nunua Maris Piper, Marekani chukua Russet, na Nairobi Shangi inafaa kabisa. Kiazi cha saladi kiache, kwani kikipondwa hunata.

2. Injika viazi katika maji baridi yenye chumvi, na maganda yake. Ukivitumbukiza katika maji yanayotokota, nje vitavurugika huku kiini bado kigumu. Ganda nalo huzuia kiazi kunywa maji.

3. Vikaushe. Nakusihi usiruke hatua hii, maana kolkanoni nyingi huharibikia hapa. Vikiiva, mwaga maji yote, rudisha sufuria kwenye moto mdogo kabisa, funika viazi kwa kitambaa safi kikavu (kisining'inie karibu na moto) na uviache dakika tano. Kitambaa kitanyonya mvuke, na utaona viazi vimebadilika: vilikuwa vinang'aa kwa maji, sasa vimefifia na kuwa na vumbivumbi jeupe. Kiazi cha namna hiyo hupokea maziwa na siagi. Chenye maji hukataa. Menya vikiwa bado vya moto, ukivishika kwa kitambaa.

4. Mboga ya baridi ni tamu zaidi. Sukuma wiki yenye majani ya kujikunja, ile inayopendwa huko, ikipigwa na baridi kali shambani hujiongezea sukari ili isigande, na ulimi huitambua. Ondoa uti wa jani, katakata nyembamba, chemsha dakika tano, chuja, kisha kamua kwa nguvu mpaka maji yaishe. Usiikaange na nyanya kama ya kulia ugali. Tindikali ya nyanya itaua ladha ya maziwa.

5. Vitunguu vya majani vichemkie ndani ya maziwa. Vikate vidogo, vitie pamoja na nusu ya siagi, pasha polepole hadi maziwa yaanze kutoa povu pembeni. Maziwa baridi hupoza viazi na kuvifanya vizito.

6. Ponda kwa mkono. Blenda huchana chembe za wanga na kukuachia kitu kama gundi. Ponda viazi vikavu kwanza, mimina maziwa kidogo kidogo, malizia na mboga na pilipili manga.

7. Chimba kisima. Pakua kilima kwenye kila sahani, bonyeza katikati kwa mgongo wa kijiko, weka siagi iliyobaki iyeyuke humo. Mlaji huanzia pembeni, kila tonge akilichovya kisimani. Anayeikoroga siagi yote mara moja anajinyima raha.

8. Ukipika tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote, ndiyo siku yake ya jadi. Wapishi walificha vitu ndani: atakayeokota pete ataoa au kuolewa ndani ya mwaka, sarafu ni utajiri, kastabini ni kubaki bila mwenzi. Ukitaka kuufuata mchezo huo, funga kila kitu kwa karatasi ya kuokea, tahadharisha walaji, na watoto wadogo wapakulie kando.

9. Kitoweo ni hiari. Kwao mara nyingi huandamana na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Asiyeila hakosi kitu, kwani kolkanoni yenyewe haina nyama. Samaki wa kukaushwa kwa moshi au yai la kukaanga vinapatana nayo vizuri sana.

10. Pika ya kubaki. Kesho yake asubuhi, yeyusha siagi kwenye kikaango, tandaza kiporo kikiwa kimebanwa sawasawa, na usikiguse mpaka chini kiwe cha kahawia na kianze kuachia kikaango chenyewe. Ndipo ugeuze.