UDONGO WA SHANTIE UBAKI KWENYE SHANTIE

Watumishi wenzangu, na ninyi mama zetu wa nyumbani,

Wengi kati yetu wanajenga butiki, depo ya unga ao kinu kidogo kwenye parsele yao, ili jamaa lipate msaada siku baba atakapopumzika kazi. Ni jambo jema. Lakini kila shantie inaacha ardhi uchi, na mvua haichagui shantie kubwa ao ndogo.

1. Nguvu ya maji

Mvua ya milimita 1 inaleta lita 1 kwa kila meta ya mraba. Parsele ya meta 20 kwa 25, ikipigwa na mvua ya milimita 60, inapokea lita 30.000: ni mapipa 150 ya lita 200. Penye majani, ardhi inakunywa sehemu kubwa. Palipo uchi, matone yanaziba matundu ya udongo, maji yanakimbia juu na kuchimba. Mfereji mdogo wa Novemba waweza kuwa korongo mwezi wa Machi. Kule Kinshasa, Desemba 2022, mvua ya usiku mmoja iliporomosha vilima. Watu zaidi ya 100 walikufa, na barabara ya taifa namba 1 ilikatika.

2. Hatari kwa afya

Udongo unaokimbia unaziba kanivo. Maji yanalala, na mbu wa malaria anakua humo katika juma moja ao mawili. Vyoo vinafurika na kuchafua visima: hapo kuhara na kolera vinapata njia. Tena, meta 1 ya ujazo ya udongo wenye maji yapita kilo 1.500. Ukuta wa shimo ukianguka juu ya mtoto, hatuna dawa.

3. Sheria inasema nini?

Kwetu, anayejenga anaomba kwanza ruhusa ya kujenga kwa wakubwa wa serkali. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inalinda mazingira, na inadai uchunguzi mbele ya kazi zinazoweza kuyaharibu. Na kifungu cha 258 cha sheria ya 1888 kingali na nguvu: anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake atailipa. Basi udongo wako ukibomoa ukuta wa jirani, usiseme «ni mvua».

Katika Marekani, tangu 2003, shantie inayofungua ardhi ya ekari 1 na zaidi, karibu meta za mraba 4.000, inahitaji ruhusa ya maji ya mvua. Ruhusa ya serkali kuu yao inaagiza kwamba mahali kazi itakaposimama siku 14 ao zaidi, udongo uanze kufunikwa mara moja. Parsele zetu ni ndogo kuliko hizo, lakini fundisho ni lile lile.

4. Tufanye hivi

– Usifyeke parsele nzima. Fungua tu mahali pa kujenga.
– Chimba msingi wakati wa kiangazi, kama inawezekana.
– Upande wa juu, chimba mfereji wa kugeuza maji. Yaende kwenye kanivo, si kwa jirani.
– Upande wa chini, panga mifuko ya mchanga ao mawe. Kila mvua ikipita, ondoa matope yaliyokusanyika.
– Mchanga na udongo uliochimbwa uwe mbali na kanivo, na mbali na ukingo wa shimo. Ufunike.
– Zungushia shimo kizuizi, watoto wasikaribie.
– Kazi ikiisha, panda majani mara moja.

Mwenye kujenga asingoje kapita wa serkali kuja kumkaripia. Jioni hii, kabla ya mawingu, zunguka parsele yako na mama wa nyumba, mwulizane: maji ya hapa yatapita wapi, na nani analala huko chini?