SOMO LETU: CELIO NA HESABU ZAKE



Sisi wa mwaka wa sita tumesoma Mathématiques congolaises, kitabu cha Mkongomani mwenzetu In Koli Jean Bofane, aliyezaliwa Mbandaka mwaka 1954. Kilitoka 2008. Kisa chake ni cha Kinshasa. Leo tuangalie wahusika watatu.

1. CELIO MATEMONA. Ni yatima. Ni maskini, lakini anapenda hesabu mpaka watu wanamuita Celio Mathématik. Akili iko, pesa hakuna.

2. TSHILOMBO. Ni mkurugenzi wa ofisi ya siri inayotumikia urais. Kazi yake ni kupanga uongo ili raia wauamini. Anaona akili ya Celio, anampa kazi na maisha mazuri. Celio anaanza kupiga hesabu kwa faida ya wakubwa.

3. BAESTRO. Ni rafiki ya Celio. Anaingia katika maandamano kwa sababu ya pesa kidogo tu, kumbe yamepangwa na wakubwa. Anakufa humo.

Kalasini tulibishana sana. Wamoja walisema: Celio hana kosa, mwenye njaa hachagui kazi. Wengine walijibu: hesabu haina dhambi, lakini mwenye kuhesabu anaweza kuwa nayo. Kisha mwenzetu mmoja akakiri kwamba mwaka jana alifanyia wengine kazi zao za hesabu ili apate pesa ya mandazi. Tulicheka, halafu tukanyamaza. Hakuwa peke yake.

Sisi tunaona hivi: Tshilombo hawezi kitu bila Celio. Mwongo anahitaji mtu mwenye akili. Na katika hesabu za ofisi ile, Baestro ni namba tu. Kwa Celio alikuwa rafiki.

Karibu tutatoka hapa na diploma, na kazi ni chache. Siku moja mtu atakuja kutuambia: "Kijana, uko na akili, njoo unifanyie hesabu." Tusikimbilie mshahara. Tuulize kwanza: hesabu ya nini, na nani ataumia?

MASWALI
a) Je, njaa inamwondolea Celio kosa?
b) Nani mwenye hatia zaidi katika kifo cha Baestro?
c) Wewe ungemjibu Tshilombo namna gani?

Muandike majibu, tutayasoma pamoja.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita