MVUA HAIPIMWI KWA KUMBUKUMBU

Huku chini ya milima ya Rwenzori hakuna neno lisemwalo mara nyingi kama hili: "Mvua ya siku hizi si kama ya zamani." Wazee hulisema, wakulima wa kahawa hulisema, hata sisi vijana ambao zamani yenyewe hatukuiona twalisema. Wala si neno la kupitishia wakati tu. Mkulima asiyejua desturi ya mvua hupanda maharagwe yakakauka, na aliyejenga kando ya mto hulala bila habari. Basi nataka kueleza jinsi usemi huu uwezavyo kupimwa.

Kwanza, chombo. Mvua hupimwa kwa milimita, na milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba. Kipimamvua husomwa kila siku saa 3 asubuhi. Chapasa kukaa mahali peupe, mbali na mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti huo. Mkaratusi ukipandwa karibu nacho, baada ya miaka michache utakikinga. Hapo mwenye kusoma daftari atadhani mvua imepungua, kumbe mti umekua! Dawa yake ni kulinganisha na kituo cha jirani. Kama chetu kimeshuka na cha jirani hakikushuka, tutazame chombo kabla ya kutazama mawingu. Lakini jirani awe wa kimo kimoja nasi, maana huko juu milimani mvua hupita milimita 2000 kwa mwaka, na tambarare ya Kasese haifiki 1000.

Pili, daftari. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, tuna misimu miwili ya mvua, na ule wa kwanza ni wa Machi hata Mei. Likizo yetu ya kwanza nayo huangukia Mei. Nilipofungua daftari la mvua la shule yetu, nilikuta kurasa za likizo ni tupu. Angalieni sana hapa: ukurasa mtupu si sifuri. Sifuri maana yake mtu alikwenda, akatazama, akakuta chombo kikavu. Ukijumlisha kurasa tupu kama sifuri, utauondolea mwaka mvua ambayo ilinyesha kweli.

Tatu, hesabu. Mwaka mmoja hausemi neno, wala miwili. Wataalamu wa hali ya hewa hutumia wastani wa miaka 30. Tena, ili kuona mwendo wake, huchukua wastani wa miaka mitano mitano. Tufanye mfano wa kujifunzia tu: 900, 1200, 800, 1100, 1000. Jumla ni 5000, wastani 1000. Mwaka wa sita ukileta 700, tunaacha ile 900 ya kwanza na kuongeza 700. Jumla ni 4800, wastani 960. Mwaka umeshuka kwa 300, watu wanalia njaa, lakini wastani umeshuka kwa 40 tu. Wastani ukiendelea kushuka miaka mingi, hapo ndipo tuseme kuna jambo.

Tena tuangalie tunapoanzia. Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua kubwa mno zilinyesha Afrika Mashariki, na hata kufika 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mtu akianza hesabu yake mwaka 1961, miaka mingi inayofuata itaonekana mikavu. Na mzee aliyekuwa kijana mwaka huo hasemi uongo, ila kumbukumbu yake imeanzia kileleni.

Mwisho, jumla siyo yote. Milimita 60 zikinyesha kwa siku 20, tatu kila siku, zitalisha shamba. Hizo hizo 60 zikinyesha kwa saa moja, zitachukua udongo na nyumba. Daftari la mwaka litaandika 60 kwa zote mbili. Mto Nyamwamba, utokao milimani na kupita Kilembe na mji wa Kasese, ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, watu wakapoteza makao. Kwa hiyo swali si "Mvua imepungua?" tu. Tuulize pia: Inaanza lini? Inakatika lini? Inanyesha siku ngapi, na kwa nguvu gani?

Ndugu zetu mliokwisha kumaliza hapa, kama mna madaftari ya mvua ya miaka yenu, au mwajua yalipo, tafadhali yaleteni, hata yakiwa yameliwa na mchwa pembeni. Nanyi wadogo zetu mkaao karibu na shule, gawaneni zamu za likizo. Ni kazi ya dakika tano kila asubuhi, lakini siku iliyopita bila kupimwa hairudi.